Fagia gofu, acha nyumba: shajara ya mradi wa buibui

4 Oktoba

Mradi huu umeanzia kwenye doa. Juzi usiku nilipuliza dawa ya mbu kwenye chumba cha cherehani, kama ninavyofanya kila jioni, nikasahau kuwa gauni la bibi harusi limetundikwa nyuma ya mlango. Asubuhi satini nyeupe ina vitone vya mafuta kuanzia begani mpaka kiunoni. Nimepaka poda, nimefua kwa maji ya vuguvugu, wapi. Mita nne mpya nimenunua kwa pesa yangu mwenyewe, na mtu akishatoa pesa yake hukaa akafikiri. Hii dawa namwulia nani? Mbu tuna chandarua. Mende wapo vilevile, wananenepa. Ninaowakuta chali kila asubuhi nikifagia ni buibui.

Basi kuanzia leo hadi Ramadhani sipulizi dawa, si ndani si uani. Nitaandika hapa yatakayotokea. Nyumba yenyewe ni ya kawaida, vyumba vitatu na ukumbi, Mikanjuni, Tanga. Uani kuna mlimao, tuta la matembele, asumini ya mama mkwe, na tawi la mwembe wa jirani lililovuka ukuta bila ruhusa.

Mama mkwe nimemweleza baada ya chai. "Buibui hauawi, mwanangu, hilo nalijua kabla hujazaliwa. Lakini tandabui kwenye nyumba ya watu? Wageni watasema humu hamna mwanamke." Sote tuliopita madrasa tumesimuliwa habari ya pango la Thaur, buibui alivyotanda mlangoni Mtume na Abu Bakr wakiwa ndani. Na sote tumesoma katika Surat Al-Ankabut kwamba nyumba dhaifu kuliko zote ni nyumba ya buibui. Mama mkwe ameyaunganisha hayo mawili akapata sheria yake: mwenye nyumba asiguswe, nyumba ivunjwe. Miaka yote anafagia dari huku akimwambia buibui "nenda, nenda." Nilikuwa namcheka. Kumbe ndiye pekee humu ndani aliyekuwa na utaratibu.

5 Oktoba

Sensa. Binti yangu wa darasa la nne kashika tochi, mimi daftari. Ndani tumehesabu 23, karibu wote wa namna tatu.

Wa kwanza wana miguu mirefu, myembamba kama nywele, wananing'inia kichwa chini kwenye pembe za dari. Ukimgusa kwa ncha ya ufagio anajitikisa mwili mzima kwa kasi mpaka humwoni tena, unaona ukungu tu. Huyo tumemwita Mtikisiko. Mmoja amebeba mayai yake mdomoni, kifurushi kidogo cha punje zilizofungwa kwa nyuzi mbili tatu. "Kama bibi anayekwenda sokoni kashika kapu kwa meno," kasema binti.

Wa pili ni Mrukaji, yule mdogo wa dirishani mwenye mabaka, asiyetanda utando wa kutegea. Anawinda kwa macho. Anayo manane, mawili ya mbele makubwa, na ukimsogelea anageuka kukutazama. Mtu asiyependa buibui aanze na huyu, maana ni vigumu kumchukia kiumbe anayekutazama usoni. Kabla ya kuruka anabandika uzi ukutani, akikosa nzi ananing'inia na kujivuta juu tena.

Wa tatu yuko nyuma ya kabati, mpana kama kiganja cha mtoto, bapa, wa kahawia, na mstari mweupe mbele ya uso kama masharubu. Tulimwita Bwana Ukuta. Mume wangu alipomwona aliomba mkutano wa dharura.

11 Oktoba

Miaka kumi na miwili nafagia dari hii, na leo ndiyo mara ya kwanza kuutazama utando kabla ya kuufagia. Yale manyuzi meusi yanayoning'inia na kututia aibu mbele ya wageni hayana mtu. Ni magofu. Utando unaokaliwa ni mwembamba, mpaka umulike ubavuni ndipo uuone. Kinachoonekana mchana kweupe ni vumbi na masizi ya jiko la mkaa yaliyoganda kwenye nyuzi ambazo mwenyewe kashazihama siku nyingi. Mtikisiko hana tabia ya kubomoa nyumba ya zamani. Akichoka anasogea hatua mbili na kujenga nyingine, kama baadhi ya watu ninaowafahamu.

Tumehesabu tando 31 ukumbini na kwenye korido. Zenye mwenyewe: 9.

Nimeandika kwenye karatasi, nikabandika nyuma ya mlango wa stoo: FAGIA GOFU, ACHA NYUMBA. Mulika kwanza. Hakuna mtu, fagia. Yumo, mwache, isipokuwa juu ya vitanda, juu ya meza ya chakula na kwenye cherehani, huko anahamishwa. Mama mkwe kaisoma, kaguna. Guno lake lina maana nyingi, hili sikulielewa.

19 Oktoba

Mvua. Hakuna jipya. Mende wapo.

24 Oktoba, usiku

Saa sita hivi nimeamka kunywa maji. Nimewasha taa ya jikoni, na Bwana Ukuta yuko juu ya sinki, kamkumbatia mende mkubwa wa mabawa. Nimesimama pale nikitazama labda dakika ishirini. Hakuwa na utando wowote. Alikuwa amemvizia akamrukia. Miguu ya mende ilikuwa ikicheza bado, halafu ikaacha. Asubuhi chini kulikuwa na mabawa mawili na kifungu kilichokauka, kama ganda la korosho. Nilimwonyesha mume wangu. Akasema haya, abaki, lakini asije chumbani.

Nilipakia picha kwenye iNaturalist, ambako watu wanaojua wadudu husaidia kutambua. Wamesema ni Heteropoda venatoria, anayepatikana karibu nchi zote za joto kwa sababu amesafiri na meli na mizigo ya watu. Mtu wa bandarini, basi, kama sisi.

27 Oktoba

Kaja chumbani.

Njia ya kumhamisha, kwa atakayehitaji: glasi pana na kadi ngumu. Kadi za mwaliko wa harusi ndizo bora, na mimi kwa kazi yangu sizikosi. Mfunike taratibu, usibane miguu, telezesha kadi kati ya glasi na ukuta, mpeleke stoo. Tulipommulika kupitia kioo tukaona chini ya kifua amekumbatia kitu cheupe cha duara, bapa kama kidonge kikubwa. Mayai. Kuanzia leo jina limebadilishwa, ni Bi Ukuta.

8 Novemba

Hii nitaiandika taratibu, maana inahusu kazi yangu.

Barazani, baada ya Magharibi, kuna buibui wa kahawia, mviringo, si mkubwa kuliko kifungo cha koti. Mchana anajikunyata chini ya ukingo wa bati. Jana nilikuwa nakata vitambaa pale nje, umeme umekatika, nina taa ya chaji, nikamwona anashuka kuanza kazi. Nikaweka mkasi chini.

Kwanza alivuta uzi mmoja kutoka nguzo hadi waya wa nguo. Halafu akatoa nyuzi kutoka katikati kwenda nje, kama mbavu za mwavuli, na kila akifunga mmoja anauvuta kwa mguu kuona umekaza kiasi gani. Mpaka hapo nilikuwa namwelewa. Kisha akaanza kuzunguka kutoka katikati kwenda nje, mizunguko michache, mipana, ya ovyo. Nikajisemea, fundi huyu ana haraka, hata inzi atapita hapo katikati. Alipofika ukingoni akageuka. Akaanza kurudi ndani kwa mizunguko ya karibu karibu, anapima nafasi kwa mguu kama ninavyopima pindo kwa kidole, anabandika uzi kwenye kila ubavu. Na kila alipoukuta ule uzi wa kwanza, anaukata na kuuondoa.

Ilikuwa bandi! Ile mizunguko mipana ilikuwa bandi. Wasioshona, bandi ni ile mishono mirefu ya mkono tunayopiga ili kitambaa kisihame mpaka cherehani ipite, halafu tunaivuta na kuitupa. Nilifundishwa bandi na shangazi yangu nikiwa na miaka kumi na minne, na nilichapwa rula kwa kuiruka. Huyu hakufundishwa na mtu.

Baadaye nimesoma kwamba nyuzi zenyewe ni tofauti. Ule wa mbavu na wa bandi hauna ulimbo, na ule wa mizunguko ya mwisho ndio unaonata. Ana tezi mbalimbali tumboni, kila moja na uzi wake: wa kujengea, wa kunasia, wa kufungia mawindo, wa kutengenezea mfuko wa mayai. Bobini zote kazibeba mkiani na hakosei kubadilisha.

Kazi nzima haikufika saa moja. Alfajiri, nilipotoka kuchota maji ya udhu, pale pako tupu, umebaki uzi mmoja wa juu. Anaula utando wake na kesho anafuma mwingine kutokana na huohuo. Ndiyo maana kwa miaka yote hiyo sijawahi kufagia gofu barazani nikajua kuna mtu.

15 Novemba

Kumbikumbi. Mvua kubwa saa kumi, na taa zilipowashwa walikuja kama mchele uliomwagika. Utando wa fundi wa barazani ulijaa ukachanika. Nimemwona akiwakata wengine na kuwaacha waanguke. Mama mkwe kakaanga sufuria moja. Kila mtu kala.

20 Novemba

Watu wananiuliza kuhusu mbu, kwa hiyo niseme ukweli. Sijaona mbu wamepungua kiasi cha mtu kutupa chandarua. Mtikisiko ananasa mbu, nimehesabu kumi na mmoja kwenye utando mmoja wa chooni, lakini mbu mmoja anayekupita ndiye anayekuletea malaria. Chandarua kinabaki na maji yaliyosimama yanamwagwa. Mwenye kukwambia ufuge buibui badala ya chandarua, mkimbie.

Hata hivyo yupo buibui mmoja ambaye ningemkaribisha na udi. Ukanda wa Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, kuna mrukaji mdogo anayeitwa Evarcha culicivora, aliyeandikwa rasmi na wanasayansi mwaka 2003. Anapenda kula mbu jike wa Anopheles aliyekwisha shiba damu, hivyo anapata damu yetu bila kutuuma. Anamtambua hata kwa mkao, maana Anopheles akitua huinua mkia juu. Watafiti waliofanya kazi Mbita, upande wa Kenya, walikuta pia kwamba harufu ya soksi iliyovaliwa inamvutia. Binti yangu kaenda moja kwa moja kwenye viatu vya baba yake.

29 Novemba

Buibui wanapungua dirishani na sikujua kwa nini. Leo nimejua. Nyuma ya pazia la chumba cha cherehani kuna kijumba cha udongo, kama vidole vitatu vimelazwa pamoja. Nikadhani mchwa. Nimekibandua kwa kisu cha kuparia, na kutoka kwenye chumba kimoja wameanguka buibui kumi na wanne mezani, juu ya kitambaa cha kitenge. Wapo warukaji, wapo watoto wa fundi wa barazani. Wazima. Ukimgusa mmoja kwa sindano mguu unatetemeka, lakini hawezi kwenda popote. Kati yao alikuwa funza mnene, mweupe, anakula.

Ni kazi ya nyigu, yule mweusi mwenye manjano, kiuno chembamba kama uzi. Anamchoma buibui anamlemaza, anamshindilia ndani na wenzake, anataga yai moja, anaziba kwa tope. Nyama inakaa mbichi bila friji.

Nilikasirika, halafu nikajicheka. Mimi niliyewaua mamia kwa kopo la dawa nimkasirikie nyigu? Vile vyumba viwili vilivyobaki nimevirudisha ukutani, nje, chini ya bati. Havikushika. Nimejaribu.

6 Desemba

Ukurasa wa tahadhari. Binti kageuza kiti cha plastiki cha uani na chini yake, kwenye kona ya mguu, kuna vifuko vitatu vya mayai vyenye miiba midogo midogo pande zote, kama tunda la mbono lililopauka. Karibu yake buibui wa kahawia, miguu yenye pingili nyeusi na nyeupe, na tumboni kwa chini alama ya rangi ya chungwa, umbo la kinu kilichobanwa katikati. Utando wake hauna mpango wowote, ni fujo ya nyuzi, lakini ngumu. Ukiuvuta kwa kijiti unasikia unakatika.

Huyu ni mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus. Vifuko vya miiba havimfichi. Ana haya, hakimbilii mtu, ila ukimbana kwa paja wakati wa kukaa atauma, na inauma kweli. Sumu yake kwa kawaida haileti makubwa kama ya ndugu yake mweusi, lakini sikai nikabishana na hilo mtoto akiwa ndiye anayekikalia kiti.

Nimevaa glavu, nimemkwangua kwa kijiti pamoja na vifuko, nimetia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ndiye wa kwanza kumuua tangu Oktoba na sikuona raha. Mama mkwe aligeukia upande mwingine.

Duniani aina za buibui zilizoandikwa zimepita 50,000, na karibu wote wana sumu, kwa kuwa ndiyo inayoangusha mawindo. Wanaoweza kumdhuru mtu ni wachache sana. Wachache hao lazima uwajue kwa sura. Kwenye karatasi ya stoo nimeongeza: viti vya nje vigeuzwe kila Ijumaa, viatu vikung'utwe, mkono usiingie mahali ambapo jicho halijafika. Akiuma mtu, osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi, na maumivu yakisambaa au jasho likianza kutoka, hospitali.

27 Desemba

Kati ya mlimao na kamba ya nguo pametandwa utando mkubwa kuliko kanga, na jua la asubuhi likiupiga unakuwa wa dhahabu. Uzi wenyewe ni wa manjano. Jike katikati, miguu mirefu, mwili kama kidole changu cha mwisho kilichokatwa kwenye pingili ya pili. Dume nilimtafuta siku mbili. Ni yule kidoadoa aliyekaa juu yake, ambaye nilidhani ni mtoto. Pembeni kuna wengine wadogo sana wanaong'aa kama fedha. Hao ni wadokozi. Hawatandi, wanakula makombo ya mwenyeji.

Mgogoro ulikuwa kamba ya nguo. Nimehama mimi. Mita mbili tu, na mlimao haujawahi kuwa na nzi wachache kama mwezi huu.

Uzi huu umewahi kufumwa nguo. Madagaska, Simon Peers na Nicholas Godley waliajiri watu wa kukusanya majike ya jamaa wa buibui huyu, wakawavuta uzi kwa mashine ya mkono, kisha wakawaachia. Kitambaa cha kwanza kilionyeshwa New York mwaka 2009. Joho lililofuata, la manjano bila kutiwa rangi, lilionyeshwa London mwaka 2012 na lilitumia buibui milioni 1.2. Nimepiga hesabu ya ufundi kama ningekuwa mimi. Nikaacha.

10 Januari

Tumerudi kutoka Pangani kwenye msiba. Mgeni tuliyemwachia nyumba, kwa nia njema kabisa, kaona buibui akanunua kopo la dawa akapuliza vyumba vyote. "Nimewasafishia." Nikashukuru, ningesema nini. Ukumbini wamebaki wawili. Bi Ukuta nimemkuta nyuma ya kabati, miguu imejikunja.

19 Januari

Mrukaji mmoja dirishani.

24 Januari

Binti hataki tena hesabu ya ndani, anaona inamhuzunisha. Nikamtoa nje usiku. Unashika tochi usawa wa jicho, kwenye paji la uso, unatazama majani chini. Zikaanza kuwaka: nukta za kijani, kali, kama vipande vya vioo, mbili kwenye matembele, tano kando ya ukuta. Ni macho ya buibui wa ardhini, wale wasiotanda, yanayorudisha mwanga kama ya paka. Usipoinua tochi mpaka jichoni huoni kitu. Tumemfuata mmoja na nukta hazikuwa za macho yake tu; mgongoni alikuwa kabeba watoto wake, wamepandana, na macho yao nayo yakawaka. Tumehesabu buibui 40 kati ya mlango na choo cha nje. Njia ninayopita pekupeku kila usiku, na hajawahi kuniuma hata mmoja.

12 Februari

Usafi wa Ramadhani. Tando ukumbini: 26, zenye mwenyewe 6. Stoo kuna vibuibui bapa vya kahawia kwenye ukuta, vidogo kama kucha, vingi. Kwa hiyo kile kidonge cheupe kilipasuka salama.

Mume wangu kasoma mahali kwamba buibui wa dunia nzima hula tani milioni 400 hadi 800 za wadudu kwa mwaka, makadirio ya wanasayansi wawili mwaka 2017. Kampelekea mama yake. Mama mkwe kasema tani ni za bandarini, yeye anataka kujua nani anafagia korido.

Nilikuwa nimeshika tochi, yeye fagio refu. Kwenye kila pembe alisimama, hakuinua fagio. "Huyu yumo au kahama?" Namulika. "Kahama, mama." Fagio linapita. "Huyu?" Namulika. Mtikisiko, na kifurushi mdomoni. Fagio likapita pembeni yake, shubiri mbili.

15 Februari

Vunja jungu. Pilau, bajia, watu kumi na wawili ukumbini. Shangazi wa mume wangu, ambaye kila nyumba anayoingia huanza na dari, kaweka sahani chini na kunyoosha kidole.

"Pale juu mmesahau."

Sikuwahi kufungua mdomo. "Hatukusahau," kasema mama mkwe, huku akimwongezea kachumbari. "Pana mzazi."